Nimechoka kumeza dawa, niache zipi?

Assalaam alaykum mwandishi wetu,

Mimi ni mama wa miaka 64, mjane, mkazi wa Ujiji hapa Kigoma. Naandika mwenyewe kwa simu, polepole, kwa sababu haya siwezi kumpa mtu aniandikie.

Mume wangu alikuwa mchuuzi wa dagaa na migebuka. Alifariki mwaka 2006. Baada ya arobaini yake nami nikaanza kuugua ugua, marehemu dada yangu akanishika mkono tukaenda kupima, nikakutwa na virusi. Mwaka 2007 nikaanzishiwa dawa. Dada ndiye peke yake aliyejua, naye ameshatangulia mbele ya haki. Wanangu hawajui, wajukuu ninaoishi nao hawajui.

Dawa zile za mwanzo zilinitesa. Mashavu yalikwisha, miguu ikawa inawaka moto usiku kucha. Baadaye zikabadilishwa, na siku hizi nameza kidonge kimoja tu usiku, hicho wanachokiita TLD. Kipimo cha mwisho niliambiwa virusi havionekani, alhamdulillahi. CTC, yaani kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, nakwenda mbali, napanda daladala hadi mjini, ingawa dawa hizo hizo zinatolewa karibu na kwangu. Huku karibu wananijua mno. Nikifika mjini wananiuliza kama nameza vizuri, nasema nameza, napewa dawa za miezi kadhaa narudi. Kila mara ni "mama uko vizuri".

Miaka hii ya karibuni nimepata presha, halafu sukari. Kwa hayo nakwenda kliniki ya huku huku karibu. Muuguzi anayetupima ni mtoto wa jirani yangu, nimembeba mgongoni huyo. Siku ya kwanza aliniuliza mbele ya wenzangu kwenye benchi, "mama, kuna dawa nyingine unatumia?" Nikasema hakuna. Ikawa hivyo hadi leo.

Nilianza na metformini kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Sukari ikakataa kushuka, wakaniongezea, sasa ni viwili viwili. Tangu hapo tumbo limeharibika. Naharisha, kichefuchefu hakiishi, tumbo linajaa gesi. Nanunua vidonge vya magnesiamu dukani, usiku natafuna vitatu, namezea na TLD juu yake, nalala. Magoti nayo yananiuma, kijana wa duka la dawa ananipa diklofenaki asubuhi na jioni, nikikosa hizo hata kusujudu siwezi. Na miguu imerudi kuwaka kama zamani, safari hii na ganzi juu yake. Natia maji ya moto na chumvi kwenye beseni, naloweka miguu ndipo napata usingizi. Daktari wa sukari anasema hiyo ni sukari. Nilipowaambia wa CTC walisema ni uzee tu, mama.

Nina mjukuu wa kidato cha pili, kila chenye maandishi anasoma. Kwa hiyo chupa ya TLD nikiipata nabandua lebo yake kwa ukucha, natia pamba ndani vidonge visigonge, naificha chini ya kanga.

Nimehesabu, kwa siku nameza vidonge 11. Nimechoka. Nimewaza, maadamu virusi havionekani, niiache TLD nibaki na za presha na sukari, maana hizo ndizo zinazonisumbua sasa. Jirani pia kanielekeza kwa mzee mmoja mwenye mizizi ya sukari na miguu. Na Ramadhani ijayo nataka kufunga, iliyopita nilishindwa siku nyingi na roho iliniuma.

Nishauri mwanangu. Niache zipi?

Mama wa Ujiji

*

Waalaykum salaam mama yangu, na shikamoo.

Zipo mbili za kuacha leo hii, kabla hujalala: magnesiamu na diklofenaki. Hizo hukuandikiwa na daktari yeyote, umejinunulia, na kwa jinsi unavyoeleza, ndizo zinazokuharibia kazi ya zile nyingine. TLD usiiguse. Metformini usijipunguzie mwenyewe, lakini usisubiri tarehe ya kliniki pia. Wiki hii hii iende ikaangaliwe, na nitakueleza uanzie wapi ili siri yako isiingie mashakani.

Sasa ngoja nikuonyeshe kinachotokea, maana ukikiona mwenyewe hutahitaji mtu wa kukusukuma.

Ndani ya kidonge chako cha TLD mna dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta nafuu kubwa tangu Tanzania ianze kuwahamishia wagonjwa huko mwaka 2019, kwani ina nguvu na madhara yake ni machache. Ila ina tabia moja: inazuia metformini isitoke mwilini kwa kasi yake ya kawaida. Mtu anayemeza zote mbili, metformini huongezeka kwenye damu kwa karibu asilimia 80. Kwa sababu hiyo, anayetumia dolutegraviri anatakiwa asipitishe miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Kama vidonge vyako ni vile vya miligramu 500, wewe unameza 2,000, na mwilini mwako zinafanya kazi kama nyingi zaidi ya hizo. Kuharisha, kichefuchefu, tumbo kujaa: hayo ndiyo madhara ya metformini iliyozidi. Yule muuguzi na daktari wake hawakukosea kuongeza dozi kwa walichokijua. Waliongeza kwa mama ambaye, kwa kauli yake, hatumii kitu kingine.

Tumbo likaharibika, ukakimbilia magnesiamu. Na hapa ndipo nilipoogopa niliposoma barua yako, kwa sababu unaitafuna saa ile ile unayomeza TLD. Magnesiamu ikikutana na dolutegraviri tumboni inaishika, na sehemu kubwa ya dawa haiingii kwenye damu. Inatakiwa TLD itangulie kwa saa 2 kabla ya vidonge hivyo vya tumbo, au ije saa 6 baada yake. Kwa hiyo, mama, kuna usiku ambao umemeza dawa yako kwa uaminifu na mwili umepata kidogo tu. Majibu yako ya mwisho ni mazuri, namshukuru Mungu pamoja nawe, lakini niambie: damu ile ilichukuliwa kabla hujaanza kutafuna magnesiamu, au baada? Kama ni kabla, waambie CTC, waamue kama kipimo cha wingi wa virusi kirudiwe mapema badala ya kungoja mwaka uzunguke.

Bado diklofenaki. Tenofoviri husafishwa na figo, na kwa baadhi ya watu, hasa waliofika umri wako na wenye presha na sukari, inaweza kuzichosha figo hizo. Diklofenaki nayo huziumiza figo ikitumiwa siku baada ya siku, na inapandisha presha. Figo zikidhoofika, metformini inazidi kubaki mwilini, na tunarudi pale pale kwenye tumbo. Dawa ya duka kwa ajili ya magoti imeingia kwenye figo, presha na sukari kwa pamoja, bila mtu hata mmoja kuona mzunguko wote. Kwa magoti tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti hadi utakapoonana na daktari, na uswali umekaa kwenye kiti. Dini imekuruhusu.

Sina nia ya kukulaumu katika haya. Mtu aliyekuuliza habari za dawa zako mbele ya benchi zima la watu wa mtaa wako alikufungia mlango mwenyewe, hata kama hakukusudia. Swali lile ni la chumbani. Na wale wa CTC wanaokuona mwaka hadi mwaka wanauliza virusi tu, wanatosheka. Inaniuma kwa sababu naona lilikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za bure zilipoanza kutolewa 2004, kazi iliyokuwepo ilikuwa ni kuzuia vijana wasife. Kliniki zilijengwa kwa kazi hiyo na zimeifanya. Wale vijana wakapona, wakaishi, leo ni akina mama wenye miaka 64, wana presha, sukari, magoti na wajukuu. Huduma inabidi ikue pamoja nao. Mgonjwa wa VVU aliyefika utu uzima ana uwezekano mkubwa zaidi wa maradhi ya moyo, figo na mifupa kuliko mwenzake wa umri huo asiye na virusi, hata kama virusi vyake havionekani. Kumwambia "ni uzee tu" bila kumpima ni kumwacha njiani, na mimi siwezi kulikubali neno hilo.

Tuje kwenye miguu, kwa sababu hapo ndipo utaona kwa nini siri yako haiwezi kukaa kama ilivyo.

Dawa za mwanzo zilizokumaliza mashavu, karibu nina hakika ndani yake ilikuwemo stavudini. Ilitumika sana wakati ule kwa sababu ilikuwa rahisi kupatikana, na iliokoa watu wengi, lakini ilikula mafuta ya uso na kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane nayo mwaka 2009. Mishipa iliyoumia wakati ule huenda haikupona yote. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni sukari yenyewe, daktari wako yuko sahihi kuitaja. Ya tatu ni metformini, maana ikitumika muda mrefu inapunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo nao huleta moto na ganzi ya nyayo. Ya nne, kama uliwahi kupewa isoniazidi za kukukinga na kifua kikuu bila vidonge vya vitamini B6 vinavyoambatana nazo, hizo pia hugusa mishipa hiyo hiyo.

Kila moja hapo ina namna yake ya kushughulikiwa. Upungufu wa B12 unatibika kwa vidonge au sindano. Daktari wa sukari anaijua sababu ya pili na ya tatu. CTC wanaijua ya kwanza na ya nne. Hakuna aliyezishika zote nne mkononi, na miguu inaendelea kuwaka.

Wakati unasubiri, beseni la maji ya moto liache. Umesema mwenyewe kuna ganzi. Nyayo zenye ganzi hazikuambii maji yana moto kiasi gani, ngozi inababuka na kidonda cha mwenye sukari kinachukua miezi. Osha kwa maji ya kawaida, kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini ya mguu lakini si katikati ya vidole. Usiku zigeuze nyayo mbele ya taa uzitazame, au mjukuu akutazamie kama kuna mkwaruzo au lengelenge. Na usitembee peku, hata uani, hata kwenye mchanga wa kule Kibirizi ukifuata dagaa.

Sasa njia ya kupita.

Anzia CTC. Huko huna cha kuficha, ndiyo maana nakupeleka huko kwanza. Usingoje tarehe ya dawa. Chukua mfuko mmoja utie kila kitu unachomeza: TLD, metformini, ya presha, diklofenaki, magnesiamu, na kama yule mzee wa mizizi ameshakupa chochote nacho kiingie. Pakiti zake ziwemo. Omba kuonana na daktari, usiishie dirisha la dawa. Mwambie hivi, kwa maneno haya haya ukipenda: "Mwanangu, natumia TLD, na kliniki nyingine napewa metformini vidonge vinne kwa siku na dawa ya presha. Huko hawajui kama niko CTC. Naharisha, na miguu inawaka moto ina ganzi. Naomba uziangalie zote." Kisha vimwage vidonge mezani. Ombi lako la pili ni kupimwa figo, kipimo cha kreatinini. Kipimo hicho kisomwe na mtu anayejua unatumia dolutegraviri, kwa maana dawa hiyo huinyanyua namba ya kreatinini kidogo bila figo kudhurika, na asiyejua anaweza kukushtua bure.

Muulize pia kama sukari na presha zako zinaweza kufuatiliwa hapo hapo CTC. Vituo vingi sasa vinapima vyote kwa siku moja. Ikiwezekana, tatizo la mtoto wa jirani limekwisha, unahamisha kliniki na hakuna aliyeambiwa kitu. Ukihitaji uchunguzi mkubwa watakupa rufaa, na kwa mkoa wenu hospitali ya rufaa ni Maweni.

Isipowezekana, basi kliniki ya sukari lazima ijue. Si lazima ajue muuguzi wa benchini. Siku ya kliniki mwambie una jambo la kumwona daktari peke yake, ingia, funga mlango, mpe barua ya daktari wa CTC yenye orodha ya dawa. Hutalazimika hata kutamka. Na yule binti, siku akija kujua, yuko chini ya sheria. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inamtaka mhudumu wa afya atunze siri ya mgonjwa, na akiitoa ana kesi ya kujibu. Ninavyowajua wauguzi, na nimefanya kazi nao miaka mingi, mtoto uliyembeba mgongoni ana sababu ya kukulinda hata pasipo sheria. Lakini uamuzi ni wako, nami sikusukumi.

Kuna dalili ambazo zikitokea huendi kliniki yoyote, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana: kutapika kusikokoma, kupumua kwa haraka na kwa shida, mwili kuishiwa nguvu kabisa, mkojo kupungua sana. Metformini iliyozidi kwa mtu ambaye figo zimelegea inaweza kufika huko. Ni nadra, ila kwako mazingira yake yapo.

Kuhusu kuiacha TLD kwa kuwa virusi havionekani: havionekani kwa sababu unaimeza. Vimejificha mwilini, na dawa ikikatika huwa vinarudi ndani ya wiki chache. Umeishi na dawa tangu 2007, umewapita wengi waliokata tamaa, umelea wajukuu. Hicho kidonge kimoja cha usiku ndicho kilichofanya hayo yawezekane. Ukitoa magnesiamu tatu na diklofenaki mbili unabaki na 6 kwa siku, na metformini ikipunguzwa unabaki na 4. Nadhani uchovu wako utaanza kupungua hapo, pamoja na tumbo.

Mizizi, hapana, si sasa. Sina ugomvi na waganga wetu, wazee wengi wa Kigoma wamelelewa na miti. Ila mzizi usiojulikana juu ya dawa tatu zinazopita kwenye figo ni hatari ambayo hakuna anayeweza kukupimia.

Ramadhani. Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa atoe fidia kwa kumlisha masikini. Kwa hiyo siku zile ulizoshindwa usizihesabu kama deni la aibu. Kuhusu ijayo, TLD haina shida kwa kuwa ni mara moja kwa siku, utaimeza baada ya futari kila siku saa ile ile. Suala ni sukari, presha na figo. Nenda kwa daktari miezi miwili kabla ya mfungo, majibu ya figo yakiwa mkononi, mpange pamoja. Akikwambia usifunge, mtii.

Chakula sikuhutubii, unakijua kuliko mimi. Machache tu. Ugali wa muhogo upungue kwenye sahani na sombe (kisamvu) iongezeke, mawese yasitawale sufuria. Dagaa kula na mifupa yake, wale waliokaushwa kwa jua bila chumvi, kwa ajili ya mifupa yako: ukomo wa hedhi na tenofoviri vyote viwili hupunguza uimara wake, na kuanguka kwa mtu wa umri wako ni jambo la kuogopwa. Zulia lililokunjamana mlangoni na kigae chenye maji chooni viondoe.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Umewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi? Mwanamke anayeishi na VVU yuko hatarini mara 6 kuliko asiye na virusi. Kama hukumbuki kupimwa, liulize siku hiyo hiyo ya CTC. Na ukiona damu, hata tone, baada ya hedhi kukoma, usikae nayo.

Sasa ile chupa. Nimeirudia mara nyingi sehemu hiyo ya barua yako, lebo iliyobanduliwa kwa ukucha. Mama, ukianguka uani kesho ukapoteza fahamu, wajukuu watakukimbiza hospitali na watu wa zamu watakutana na chupa isiyo na jina. Watakuchoma sindano bila kujua una nini mwilini. Nakuomba mambo mawili. Lebo ibaki, chupa ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, funguo shingoni mwako, hivyo hata wadogo hawatafikia vidonge. Na ndani ya pochi uliyowekea kadi ya kliniki tia kikaratasi cha majina ya dawa zote na dozi zake, alichoandika daktari. Hakina haja ya kutaja ugonjwa.

Kisha tafuta mtu mmoja. Tangu dada yako atangulie umelibeba hili peke yako, na nasikia uzito wake katika kila mstari ulioandika. Si lazima awe mwanao mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Awe yule ambaye ukimpa habari haifiki barazani. Ukiona nyumbani hayupo kwa sasa, CTC wapo WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi wenyewe na kazi yao ni kukaa na wenzao. Omba wa umri wako, mwanamke mwenzako, mjane akipatikana. Kuna mengi mtaelewana bila kuelezana.

Kuhusu gharama, dawa za TLD ni bure. Kwa hizo nyingine, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo, na vitambulisho vyake hutolewa kupitia halmashauri. Waone serikali ya mtaa wako au afisa ustawi wa jamii. Hapo utaulizwa umri na hali ya kipato. Ugonjwa wako hawana haja ya kuujua.

Ukishapimwa figo niandikie tena uniambie namba waliyokupa, na walichosema juu ya miguu.